Mlangoni Kafa, Kitandani Yu Hai

Bibi Nedelya wa ghorofa ya chini anaapa kwamba aliisoma kwa macho yake mawili, tena miwani ikiwa puani. Anadai alikwenda stesheni ya Kambana asubuhi apande metro ya sokoni, na pale mlangoni pa kuteremkia, chini ya saa kubwa, akamwona kaka yangu Orlin anamtazama kutoka kwenye karatasi yenye mpaka mweusi, zile tunazobandika mtu akifa. Jina kamili. Miaka thelathini na mmoja. Na chini yake: ametutoka ghafla.

Anadai alilia mpaka mlinzi akamletea kiti. Anadai watu watatu walipiga ishara ya msalaba, na mmoja akaacha ua.

Habari ya kiti siiamini. Hayo mengine, msomaji, ndiyo yaliyonigandisha pale mlangoni kwetu, tulipoachana katika toleo la wiki iliyopita, ufunguo mkononi. Maana nilikuwa natoka hospitali dakika ileile, na kaka yangu nilikuwa nimemwacha anapumua.

"Bibi, Orlin hajafa."

"Ndivyo tunavyosema sote siku ya kwanza, mwanangu."

"Nimemwacha sasa hivi! Kanishika kidole!"

"Hata mimi marehemu mume wangu alinishika kidole. Siku ya tatu, ndotoni." Akanisukumia maua mawili mekundu. "Shika. Na ngano ya marehemu, ya kugawa msibani, nimeshaiweka motoni."

Maua mawili. Hapa kwetu ua moja hupewa aliye hai, matatu vilevile. Mawili ni ya kaburini. Nikachomoa moja, nikalivunja shingo, nikalitupa ngazini.

"Limebaki moja. Nitampelekea mwenyewe."

"Na ngano nitaifanyia nini, sufuria nzima?"

"Kula na maziwa!"

"Unanifokea mimi, Sevda? Mfokee aliyeandika." Akauvuta mlango wa jengo, uliokuwa umeachwa wazi, akaugeuza nione upande wa nje.

Ilikuwepo hata pale. Vipande vinne vya utepe wa gundi, pembe nne, imenyooka kama mtu aliyeibandika alipima kwa rula. Orlin katika shati la kazi, kola imesimama.

Nikaisoma polepole. *Kwa majonzi makubwa. Orlin Asenov, fundi wa ngazi za umeme, ametutoka ghafla siku ya Jumanne kwa maradhi ya moyo, akiwa mapumzikoni. Wafanyakazi wenzake wenye huzuni.*

Kwa maradhi ya moyo. Akiwa mapumzikoni.

Wewe uliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, nakwambia upesi. Jana yake, Jumanne, kaka yangu aliteremshwa kwenye shimo lililo chini ya ngazi za umeme za Kambana. Mafundi wana sheria moja: ngazi zinasimamishwa, kibao chekundu kinatundikwa, ndipo mtu anaingia. Lakini siku ile wageni wakubwa walikuwa wanakuja kuikagua stesheni, na mkuu wetu, Bwana Dragostinov, hakutaka wazikute zimesimama.

Mimi ni mfagiaji wa stesheni hiyohiyo. Nilikuwa napiga deki hatua arobaini kutoka pale. Niliusikia ule mlio. Nikatazama saa ya jukwaani: saa tano na dakika kumi. Mkuu akatufukuza sote kama kuku, akafunga mlango wa mafundi. Sikujua nani yumo ndani mpaka watu wa ambulansi walipomtoa.

Mbavu nne. Ini. Mguu wa kulia.

"Na moyo?" nilimuuliza daktari, maana stesheni walishasema taarifa ya mkuu imeandika moyo.

"Moyo ni wa farasi," alisema. "Ndio uliomwokoa."

Na siku hiyo ya pili, saa sita mchana, wakaguzi wawili wa ajali kazini wangekuja kuisaini taarifa ya mkuu. Wakisaini moyo, itabaki moyo. Shimo litafunikwa, na kesho fundi mwingine atateremshwa ngazi zikiwa zinatembea. Kaka yangu akizinduka ataambiwa aliugua tu.

Nikaibandua ile karatasi, nikaikunja, nikaitia kifuani. Ua nikamwachia Bibi Nedelya alitie kwenye maji. Nikarudi mjini nikiwa na nia moja: kumpata aliyebandika na kumrarua kama alivyostahili kuraruliwa.

Sikumtafuta sana.

Mlango wa Kambana ulikuwa umejaa Orlin. Orlin kwenye kioo cha tiketi. Orlin kwenye nguzo tatu. Na mbele ya nguzo ya nne, akiwa amevua kofia, Mzee Tsvetko mlinzi, utepe wa gundi mkononi, ulimi umetokeza kidogo kama mtoto anayeandika.

"Mzee Tsvetko!"

Akageuka. Macho yalikuwa mekundu. "Binti yangu. Pole. Pole sana. Nimebandika kumi na nane. Mbili nimeweka za kanisani."

"Umembandika kaka yangu yu hai!"

"Ndiyo, mwanangu, katika mioyo yetu atakuwa hai sik..."

"Hai kitandani! Anapumua! Ana bomba puani na kanishika kidole! Mzee, una wazimu?"

Gundi ikamponyoka, ikabingirika mpaka kwenye mashine za tiketi. Mzee wa miaka sitini na nane akaketi chini sakafuni, kwenye vigae nilivyovisugua mimi mwenyewe.

"Hai vipi?" akasema. "Mbona zilikuwa mezani?"

"Mezani kwa nani?"

"Kwa mkuu. Niliingia asubuhi kuwasha taa za ofisi, nikaona bahasha. Karatasi ishirini. Nikasema, jamani, maskini ya Mungu, hana hata mtu wa kumbandikia. Karatasi ya kifo hailazwi mezani, Sevda. Unajua. Marehemu anasubiri. Nikaanza na mlango wenu kwanza, kama inavyotakiwa, halafu nikaja hapa."

Msomaji, nilitaka kumpiga. Mkono ulikuwa umeshapanda. Lakini niulizeni: nani katika mji huu wa Sofia angekuta karatasi za kifo mezani akapita zake? Mimi? Hata mimi ningetafuta gundi.

Mkono ukashuka. Hasira haikushuka. Ilibadili njia tu.

Maana kama zilikuwa mezani kwa mkuu, basi mkuu alizichapisha. Na kama jana jioni mkuu alikuja hospitali, akanishika bega, akasema "atapona, binti, Mungu mkubwa", basi alipokuwa anasema hivyo kaka yangu alikuwa ameshakufa mara ishirini ndani ya bahasha yake. Hakuzichana. Aliziweka akiba.

Nikaitoa ile ya kifuani, nikaitazama tena picha. Lile shati nililipiga pasi mimi, siku Orlin alipoajiriwa. Picha ile ilipigwa moja tu. Iko kwenye faili lake, kabatini, ofisini kwa Dragostinov.

"Mzee, hizi zimechapwa wapi?"

Akaonyesha pembeni chini. Palichapwa tawi dogo la zabibu, alama ya mchapaji. "Si za Boyka hizi?"

Boyka ana kibanda kwenye njia ya chini, baina ya ngazi na lango la tiketi. Anachonga funguo, anapiga picha za vitambulisho, na karatasi za kifo anakuchapia ukisubiri, dakika tano, nane hivi. Nimemjua tangu nikiwa na miaka kumi.

"Shangazi Boyka, nani aliagiza hizi?"

Hakuitazama karatasi. Aliendelea kusugua ufunguo ambao tayari ulikuwa unang'aa. "Wanaagiza wengi, mpenzi wangu. Kufa hakuna sikukuu."

"Hii. Ya kaka yangu."

"Sikumbuki."

"Ilikuwa jana, Shangazi! Orlin anakunywa kahawa hapa kila siku! Umemchapa uso wake ukasahau?"

"Usipige kelele." Akainama, sauti ikashuka. "Kibali cha kibanda hiki kinasainiwa kule ofisini kila mwaka. Unanielewa? Nina mama mgonjwa na mikono miwili. Sikumbuki."

Akanisukumia kahawa nisiyoiomba, na juu ya kahawa, kama kawaida, risiti.

Nikaishangaa ile risiti.

Ninyi mnaonunua hamzitazami. Ukinunua kahawa, risiti. Ukinunua mkate wa ufuta, risiti. Ndiyo amri, na muuzaji asipotoa anafungiwa duka. Mnazipokea kwa vidole viwili, mnazidondosha, na mimi nazifagia, mamia kwa siku. Miaka sita nazifagia. Nami najua kitu ambacho nyinyi hamkijui, kwa kuwa hamjawahi kuinama: kila moja ina saa. Na dakika. Mpaka sekunde.

"Shangazi, yule usiyemkumbuka ulimpa risiti?"

Kwa mara ya kwanza akaninyanyulia macho. "Nampa kila mtu."

"Akaipeleka wapi?"

 Macho yake yaliteleza, mara moja tu, mpaka kwenye pipa la taka pembeni pa kibanda.

Pipa hilo nililitoa mimi mwenyewe jana, mkuu alipotufukuza, kabla ambulansi haijafika. Na kwa sababu ya wageni wale wakubwa, barabara ya juu ilifungwa na gari la taka halikuja. Mifuko yote ilikuwa bado chumbani kwetu wafagiaji, chini ya ngazi.

Mifuko kumi na mmoja. Mtu mwingine angeifungua yote. Mimi mfuko wa pipa la Boyka huufunga mafundo mawili, maana vikombe vya kahawa huvuja. Niliupapasa nikaupata bila hata kuwasha taa.

Nikaumwaga sakafuni. Nikapiga magoti. Maganda ya alizeti, vikombe, tiketi, karatasi za mikate. Risiti moja moja nikiinyoosha kwenye paja. Kahawa. Ufunguo. Kahawa. Picha nne za kitambulisho. Kahawa, kahawa, kahawa, nikaanza kulia kwa hasira na kuwatukana wanywa kahawa wote wa mji.

Halafu ikaja, imekunjwakunjwa na kukazwa kama punje, kazi ya kiganja kilichojaa jasho.

*Karatasi ya kifo, nakala 20. Kutengeneza picha, 1.* Jumanne. Saa tano, dakika kumi na nane, sekunde nne.

Nikaitoa karatasi ya hospitali kutoka mfuko wa aproni. Waliniandikia jana: simu ya kuomba ambulansi iliingia saa tano na dakika arobaini na moja.

Nilisoma mara tatu. Nilihesabu kwa vidole, sioni aibu.

Mlio wa shimoni, saa tano na kumi. Kibanda cha Boyka, saa tano na kumi na nane. Simu ya ambulansi, saa tano na arobaini na moja.

Alimwagizia karatasi ya kifo kabla hajamwagizia ambulansi!

Dakika thelathini na moja kaka yangu alilala chini ya zile ngazi, wageni wakipita juu yake wanatabasamu. Dakika moja kwa kila mwaka wa umri wake. Na mimi nilikuwa hatua arobaini, napiga deki!

Nilipotoka, saa kubwa ilikuwa imebakiza dakika tatu kufika saa sita. Na sauti ya mkuu niliisikia kabla sijamwona.

"Nani kakutuma?" Dragostinov alikuwa anakwangua nguzo kwa kucha, tai imekaa begani, uso umeiva. Mzee Tsvetko alisimama mbele yake kofia mkononi. "Nani kakutuma, mzee mpumbavu? Hizi hazikuwa za kubandikwa! Hizi zilikuwa..."

"Zilikuwa za nini, Bwana Mkuu?" nilisema nyuma yake.

Akageuka. Uso wake ukabadilika mara moja, ukawa ule wa hospitali, wa kushika bega. "Sevda, binti. Mzaha mbaya sana huu. Kuna mshenzi katufanyia. Nitamtafuta."

"Mshenzi ana ufunguo wa kabati lako?"

"Nini?"

"Picha. Iko moja tu. Kwenye faili lako."

Watu walianza kupunguza mwendo. Unajua watu wa metro: wana haraka mpaka pawe na ugomvi. Mama mmoja mwenye mfuko wa pilipili za kuchoma akauweka chini kabisa, akakunja mikono.

"Rudi kazini," mkuu akasema, meno yamebana.

"Mwache aseme!" akasema yule mama wa pilipili.

"Mama, wewe panda treni yako."

"Treni inakuja kila dakika nne. Wewe nakuona leo tu."

Watu wakacheka. Na katikati ya kicheko ngazi za umeme zikawateremsha wale wakaguzi: mwanamume mwenye mkoba, na mwanamke mwenye koti la mvua na nywele fupi za mvi. Dragostinov akawaona. Akaninyooshea mkono kana kwamba ananitambulisha harusini.

"Karibuni. Samahanini. Huyu ni mfagiaji wetu, amepatwa na majonzi..."

"Majonzi ya nani?" Nilipiga kelele mpaka koo likauma. "Kaka yangu yu hai! Huyu kamuua kwenye karatasi! Aliingizwa shimoni ngazi zikitembea, na alipopondwa huyu alikwenda kuchapisha kifo chake, moyo, mapumzikoni, ndipo akakumbuka kupiga simu! Someni!"

Nikazinyoosha zote tatu. Ya mpaka mweusi, ya hospitali, na ile ndogo iliyokunjamana, yenye harufu ya kahawa.

Mkuu aliiona ile ndogo. Nilimwona akiiona.

"Takataka!" akasema. "Kaitoa pipani! Jamani, mnamsikiliza mtu anayeokota pipani? Wewe umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"La nne, Bwana Mkuu. Saa tulifundishwa la pili."

Ukumbi ukalipuka. Mtu akapiga mbinja. Mzee Tsvetko akavaa kofia yake, akaiweka sawa kwa mikono miwili, akaja kusimama upande wangu.

"Karatasi zilikuwa mezani kwake," akasema. "Mimi ndiye niliyezitoa. Naandika jina langu popote."

"Mzee amechanganyikiwa," mkuu akasema. "Anastaafu mwezi ujao. Bahasha iliachwa na mtu mlangoni, mimi niliiweka tu mezani. Hata sikuifungua."

Mwanamke wa koti la mvua alikuwa hasikilizi. Alikuwa ameinyoosha ile risiti kwenye jalada la taarifa, anaisoma. Akaisoma tena. Akatazama karatasi ya hospitali. Akamnong'oneza mwenzake, na mwenzake akairudisha kalamu mkobani.



"Risiti ni halali," akasema mwanamke yule. Sauti yake ilikuwa tulivu, ya mtu aliyezoea kudanganywa. "Saa ni halali. Lakini, binti, haina jina. Inasema kitu kilinunuliwa. Haisemi nani alinunua."

Dragostinov akavuta pumzi. Tai akairudisha kifuani. "Umeona?" akasema taratibu. "Haisemi."

Kweli haikusema. Niliipekua mbele, nikaipekua nyuma, kama vile jina lingejitokeza.

"Bila jina," akasema mkaguzi, "mbele yangu kuna taarifa moja tu iliyoandikwa." Akamtazama mwenzake. Kalamu ikatoka tena.

Ndipo nikageuka.

Boyka alikuwa amesimama nje ya kibanda chake. Mkono mmoja alikuwa ameushika ukingo wa pazia la chuma, lile la kufungia duka, limeshuka nusu. Watu wote waligeuka kufuata macho yangu. Mkuu naye akageuka.  Aliutoa tu mfukoni mtungo wa funguo za ofisi, akaanza kuuzungusha kidoleni, pole pole, ukilia.

Nikamwendea. Sikupiga kelele tena. Hasira ikifika mahali fulani haina sauti.

"Shangazi Boyka. Karatasi ya kifo ya mama yetu uliichapa wewe. Unakumbuka? Ulimtia rangi mashavuni kwenye picha, ukasema hutaki watu wamkumbuke mgonjwa. Hukutuomba hata asante."

Macho yake yakaenda kwenye karatasi za ukutani.

"Sikuombi uniambie shimoni palitokea nini. Hukuwepo. Sikuombi uape. Nakuomba neno moja, uwaambie hawa wawili. Jana, saa tano na dakika kumi na nane. Nani alisimama hapa mbele yako?"

Funguo zililia. Kalamu ilikuwa juu ya karatasi. Treni ikaingia chini, upepo wake ukapanda ngazi, ukazipepeza karatasi zilizobaki ukutani, Orlin na Orlin na Orlin. Milango ikafunguka. Ikafungwa. Hakuna aliyekwenda kupanda.

"Shangazi," nikasema. "Nani?"

Boyka alikuwa bado ameshika pazia la chuma. Hakulipandisha. Hakulishusha.

Itaendelea wiki ijayo.